Ziwa Letu Linastahili Kusawiriwa kwa Matarumbeta

Miji ya kando ya Ziwa Victoria, na Mwanza ikiwa mbele, ina karibu kila kitu kinachohitajika ili iwe na muziki wake wa kusawiri kwa bendi za ala za kupuliza. Kinachokosekana ni nota zenyewe. Ninaposema muziki wa kusawiri nina maana ya kipande kisicho na mwimbaji wala maneno, ambacho hata hivyo kinamchukua msikilizaji na kumweka mahali fulani, sokoni, mtoni, vitani au mbele ya kaburi, kwa nguvu ya sauti peke yake. Wapigaji tunao. Wako katika makanisa, katika majeshi yetu, na katika vikundi vya matarumbeta vinavyosindikiza maharusi mjini vikiwa juu ya magari ya wazi. Hata hivyo, karibu kila wanachokipiga ni wimbo ambao tayari una maneno: tenzi, wimbo wa harusi au wimbo wa taifa. Tarumbeta inashika nafasi ya mwimbaji, na msikilizaji anajazia maneno kichwani mwake. Sina neno baya juu ya kazi hiyo, kwa kuwa ina heshima yake na inawalisha watu. Ninachosema ni kwamba ala hizo zina uwezo mwingine mkubwa, na kwetu uwezo huo bado umelala.

Wapo wanaoamini kwamba muziki usio na maneno hausemi kitu, na imani hiyo haikutoka hewani. Katika nchi yetu wimbo huishi kwa maneno. Taarabu husikilizwa kwa mafumbo yake, kwaya hupimwa kwa ujumbe wake, na katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kundi la Bagalu likipambana na kundi la Bagika, mtunzi hodari wa mashairi anaweza kuwavuta watazamaji wote upande wake. Lakini Usukuma huohuo unatupa ushahidi wa upande wa pili. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, mtu aliyesimama nyuma ya umati asione kitu bado anajua majembe yanapopanda na yanapotua, kwa sababu ngoma zimekwisha kumwambia. Mwendo, uzito wa kazi na furaha ya kuifanya kwa pamoja vimo ndani ya mapigo. Aliyekulia katika utamaduni huo hana haja ya kushawishiwa kwamba sauti peke yake inaweza kusimulia. Amelijua jambo hilo tangu utoto, ila hajaliona likiandikwa kwa ajili ya klarineti na tromboni.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwa wale wanaokubali kwamba muziki unaweza kusawiri, kisha wakadhani kwamba kusawiri ni kuiga. Mpe mtunzi kijana kazi ya kuandika kipande kuhusu Mwanza, naye upesi ataweka honi ya meli kwenye tuba, filimbi ya treni kwenye klarineti, na radi kwenye ngoma kubwa. Vitu hivyo vina mahali pake. Mmarekani Eric Whitacre, katika kipande chake kiitwacho Cloudburst, ambacho aliandika kwa ajili ya kwaya kabla ya kukipeleka kwenye bendi, anawafanya watu walize vidole hadi ukumbi mzima usikike kama mvua inayokaribia, na ni jambo zuri sana kulisikia. Lakini msikilizaji akishaitambua radi hana tena sababu ya kuendelea kusikiliza, isipokuwa kama kipande kina jambo jingine la kumwambia. Beethoven aliliona hilo mapema. Simfonia yake ya sita, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1808, ina kijito, ndege na dhoruba, lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba ni udhihirisho wa hisia zaidi kuliko uchoraji. Swali la mtunzi, basi, haliwezi kuwa tu ziwa linatoa sauti gani. Lazima ajiulize pia kuishi kando ya ziwa kukoje.

Kipande ninachokipenda kuliko vingine katika fani hii kinajibu swali la namna hiyo kuhusu mto. Gustav Holst, mtunzi wa Kiingereza, alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, katika mtaa wa Hammersmith, London, tangu mwaka 1905 hadi alipofariki mwaka 1934. Mwaka 1930, baada ya kuombwa na BBC aiandikie bendi ya ala za kupuliza ya shirika hilo, aliandika kipande alichokipa jina la mtaa huo. Hammersmith ina mambo mawili yanayoishi pamoja bila kusemeshana: Mto Thames unaopita polepole, na umati wa watu wa sokoni wenye kelele, vicheko na mabishano. Holst anaanza na mto. Tuba na ala nyingine za sauti nene zinarudiarudia kifungu kifupi, taratibu, pasipo haraka yoyote, na juu yake unakuja wimbo ulio katika ufunguo, yaani ngazi ya nota, tofauti kabisa na ule wa chini. Funguo hizo mbili hazipatani wala hazigombani. Kila moja inafuata njia yake. Kisha soko linafumuka kwa mwendo wa kasi, ala ndogo zikidakizana kama watu wanaopigana vikumbo, na kwa muda mrefu unasahau kabisa kwamba kuna mto. Mwishoni kelele zinapungua, na unagundua kwamba mto ungalipo, na kwamba haukuwahi kusimama hata kidogo.

Hakuna sauti ya maji katika kipande hicho, wala kengele ya mwuza samaki. Holst anausawiri mtaa kwa umbo la muziki: anaweka kitu kisichojali kitu chini ya kitu kisichotulia, na kuviacha viishi hivyo. Binti yake Imogen, aliyekuwa mwanamuziki pia na aliyeandika mengi kuhusu kazi za baba yake, hakusita kuukosoa utunzi wa baba huyo, lakini mimi naona kipande hiki peke yake kinatosha kuwa utetezi.

Sasa simama katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri mitumbwi inapoingia. Kuna dagaa waliokaushwa kwenye magunia, sato na sangara, wachukuzi wanaopiga kelele wapishwe, wanawake wanaopatana bei, korongo wanaovizia matumbo ya samaki. Nyuma ya yote hayo kuna ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na katika saa hiyo ya biashara hakuna anayeligeukia kulitazama. Mtunzi wa Mwanza hahitaji kumwiga Holst, kwa kuwa ziwa si mto: halipiti, liko palepale, na tabia yake hubadilika usiku na mchana. Yeyote aliyelala mwaloni anajua kwamba usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini na mchana hugeuka, na kwamba radi nyingi kali hupiga ziwani usiku wa manane hadi alfajiri, wakati nchi kavu imetulia. Huo ni mpangilio wa kimuziki ulio tayari, wenye pande mbili zinazobadilishana zamu kila baada ya saa kadhaa. Bendi inaweza kugawanywa makundi mawili, la shaba na la klarineti na filimbi, kila moja likishika usukani pale mwenzake anapopumzika, na msikilizaji akauhisi upepo ukigeuka bila mtu yeyote kuuiga kwa kupuliza ala bila nota.

Uvuvi wa dagaa ungetosha kuwa sehemu nzima. Wavuvi huenda usiku wa giza na kuacha siku za mbalamwezi pevu, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Ukiwa nchi kavu unaona taa moja, kisha ya pili mbali na ya kwanza, kisha nyingi mpaka unadhani kuna mji mwingine majini. Ningependa kusikia klarineti moja ikishika nota ndefu, nyingine ikiingia mbali nayo kwa kimo cha sauti, kisha filimbi, kisha tarumbeta zilizozibwa midomo, kila moja na nota yake isiyosogea, hadi ukumbi ujae nuru ya sauti ambayo haina wimbo wala mapigo. Mpigaji wa daraja la kati anaweza kulipiga jambo hilo, na hakuna kwaya itakayoweza kulifanya vilevile.

Kuhusu nyimbo zenyewe, tuna la kujifunza kwa Percy Grainger, mzaliwa wa Australia, ambaye mwaka 1905 na 1906 alizunguka Lincolnshire huko Uingereza akisikiliza wazee wa vijijini wakiimba, na kuwarekodi baadhi yao kwa fonografu. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1937, nyimbo hizo zikawa Lincolnshire Posy, kipande cha bendi chenye sehemu sita. Grainger hakuzinyoosha nyimbo ili zipigike kwa urahisi. Mzee aliyevuta pumzi mahali pasipotarajiwa, aliyeongeza pigo au kulipunguza, aliandikwa vivyo hivyo, hata mapigo ya muziki yakawa yanabadilika kila baada ya hatua chache na wapigaji wengi wa wakati huo wakashindwa kuyafuata. Alichosawiri ni waimbaji wenyewe, kila mmoja na sauti yake na tabia yake. Bujora, pale Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa enzi za Padre David Clement, na hadi leo msimu wa mavuno unapofika wacheza ngoma hukusanyika kwa ajili ya tamasha la Bulabo. Kwaya na bendi zetu zinapochukua nyimbo za huko huzilainisha, huzitia katika mapigo manne ya kawaida na sauti nne za tenzi, na mtu aliyeziimba anatoweka. Huo ndio upotevu unaonisikitisha kuliko wote, kwa sababu pumzi ya mwimbaji huwezi kuipata tena ukishaitupa.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kuliacha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Nyimbo za maombolezo ziliimbwa, nazo zilifanya kazi yake. Lakini je, bendi inaweza kusimama na kuliomboleza ziwa bila neno lolote? Karel Husa, aliyezaliwa Prague mwaka 1921 na kuhamia Marekani, alikabiliwa na swali linalofanana na hilo Agosti 1968, majeshi ya Kisovieti na washirika wake yalipoingia katika mji wake naye akiwa mbali. Alijibu kwa Music for Prague 1968, kipande cha bendi kilichopigwa mara ya kwanza mwaka 1969. Hakianzi na vifaru. Kinaanza na pikolo, sauti ndogo ya juu kama ya ndege, ambayo mtunzi alisema ni alama ya uhuru, na chini yake timpani, ngoma kubwa ya okestra, inagusa kwa sauti hafifu wimbo wa vita wa Wahusi, wafuasi wa mwanamageuzi wa dini Jan Hus, wa karne ya 15, ambao Wacheki wameutumia kwa karne nyingi kama ishara ya kukataa kuvunjika. Kengele zinasikika tena na tena, kwa sababu Prague ni mji wa minara. Sehemu ya tatu inapigwa na ala za kugonga peke yake, na pale shaba zote zinaponyamaza ndipo mtu anapotambua ukubwa wa kilichotokea. Wimbo ule haupigwi mzima mahali popote, hata mwishoni bendi nzima inapousema kwa sauti moja.

Mtunzi wa ziwa letu atakayeandika kuhusu Mei 1996 namsihi asiipindue meli mbele ya watu kwa mtelezo wa tromboni na kishindo cha matoazi. Waliofiwa wangali hai, na wanakijua kishindo hicho kuliko yeye. Achague wimbo mmoja ambao watu wa pande zote za ziwa, Wahaya, Wakerewe, Wajita na Wasukuma, wanaukubali kuwa wao, auvunje vipande vipande, aviache vikisikika kwa mbali katika ala tofauti, na aamue kwa dhamiri yake kama utakuja kukamilika au la. Binafsi naona usikamilike.

Najua pingamizi la mwisho ni la vyombo. Bendi zetu nyingi hazina timpani, hazina obo wala baragumu za Kifaransa, na klarineti zikipatikana ni chache. Hilo si sababu ya kungoja. Kipande kiandikwe kwa ajili ya tarumbeta nne, tromboni tatu, tuba moja, saksafoni mbili na klarineti zilizopo, huku ngoma za Kisukuma zikichukua kazi ambayo kwingine ingefanywa na timpani, na wapigaji wake wakae mbele pamoja na wenzao badala ya kufichwa nyuma kama pambo la kienyeji. Kisizidi dakika nane. Kila sehemu iandikwe kwa nota na kwa tonik solfa (do, re, mi) pia, kwa sababu wapigaji wengi wazuri waliolelewa kanisani husoma solfa. Na kwenye programu pawepo aya mbili fupi za Kiswahili zinazoeleza mahali panaposawiriwa, ili mama aliyefunga biashara yake Mwaloni na kuja kusikiliza aketi akijua kwamba bendi inataka kuzungumza naye.