Saruji ya Mama Mkwe

Namba ya mama mkwe naijua kwa kichwa kuliko ya kwangu. Ukiwa hujamaliza mahari, namba ile haisahauliki. Ndiyo maana nilipokuwa najaribu programu ya kutuma ujumbe wa kukumbusha madeni ya duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikahitaji namba ya kujazia kwa mteja M-014, vidole vyenyewe vikaandika ya kwake. Nikajisemea nitaibadilisha baadaye.

Programu niliiandika kwa Clojure, mojawapo ya lugha za kuandikia programu za kompyuta. Humo data inapangwa kama sufuria za shughuli, moja ndani ya nyingine: kwenye orodha kuna mteja, ndani ya mteja kuna mawasiliano, ndani ya mawasiliano kuna simu. Kuifikia ya chini kabisa kuna amri tamu, assoc-in. Unaitajia njia, sufuria kwa sufuria, kisha kitu kipya. Ijumaa jioni nikaipiga, skrini ikanionyesha namba mpya. Nikafunga laptopu, nikaenda kula chipsi mayai.

Kumbe nilisahau jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua: data ya huko haibadilishwi. Ni sawa na kumpelekea fundi suruali aipunguze, yeye asiiguse, akushonee nyingine iliyopungua. Mimi ile mpya niliitazama, nikaisifia, nikaiacha mezani kwa fundi, nikarudi nyumbani na ya zamani.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Eti wewe mtu wa kompyuta, mimi nadaiwa saruji mifuko 20?"

Nikacheka cheko la mtu anayetafuta mlango. "Hao matapeli, mama. Usiwajibu."

Safari hii nikatumia swap!, orodha mpya ikashika nafasi ya ile ya zamani. Nikajiona profesa. Ila data ile ilitoka kwenye faili la JSON, mtindo wa kuhifadhi data kwa maandishi, na ufunguo wake, yaani jina lililobandikwa kwenye sufuria ya namba, ni "simu", ndani ya alama za nukuu. Mimi kwa mazoea nikaandika :simu, yenye nukta mbili mbele. Kwa Clojure hivyo ni vitu viwili visivyojuana kabisa. Na assoc-in haina ugomvi: ukiitajia ufunguo ambao haupo, haikuulizi wala haipigi kelele, inauchonga hapohapo. Namba mpya ikakaa kwenye :simu, ya mama mkwe ikabaki kwenye "simu", zimekaa jirani kama wake wenza walionuniana.

Jumanne saa mbili ukamwendea ujumbe wa pili, shilingi 340,000, "Huu ni ukumbusho wa mwisho." Na chini yake, "Kwa maelezo piga," ikifuatiwa na namba niliyoiweka kwa majaribio vilevile. Ya kwangu.

Hakupiga. Aliandika:

"Mkwe, matapeli nimewaona. Hizo 340,000 zitoe kwenye laki nane ya mahari, nitumie 460,000. Huu ni ukumbusho wa mwisho."