Jogoo mkali usipigane naye, na akimgusa mtoto usimhurumie

Mtu akinilalamikia jogoo wake amekuwa mkorofi, mimi swali langu la kwanza ni moja tu, ulimpiga teke? Na karibu wote wamempiga. Hapo ndo tunapoharibu, kwa sababu jogoo hajui adhabu ni nini, ukimpiga teke yeye anaelewa umekubali pambano, na kesho anarudi muendelee mlipoishia.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mzuri kweli, nimemlea toka kifaranga, anakula mkononi, analala mapajani. Kufika kama miezi mitano akaanza kuwika, na asubuhi moja nimeinama naosha chombo chao cha maji nikasikia pah! nyuma ya goti, kugeuka ni yeye, manyoya ya shingo yamesimama yote. Nikamtandika teke. Toka siku hiyo ikawa vita, mara mbili mara tatu kwa siku, ikafika mahali siingii bandani bila fimbo.

Nilikuja kumwelewa siku niliyokaa pembeni nikamwangalia tu. Jogoo haji ghafla kama tunavyodhani. Anakugeuzia ubavu kwanza, jicho moja limekukazia, anashusha bawa mpaka ncha zinakwaruza chini, halafu anadonoadonoa ardhi wakati hapo hakuna hata punje moja. Ukiona hivo ujue unapimwa. Na wangu alikuwa anafanya hivo nikikamata tetea akapiga kelele, au nikipita mbiombio katikati yao. Yaani jamaa alikuwa kazini, ni kazi ileile inayomfanya apige yowe mwewe akitokea, na akiokota mdudu aite wenzake badala ya kumeza mwenyewe. Jogoo asiyejali chochote hakulindii kuku.

Ila kosa kubwa lilikuwa langu la kumdekeza. Kifaranga wa kiume ukimlea kama mtoto anakua hakuogopi hata kidogo, homoni zikishapanda anakuona jogoo mwenzake. Siku hizi vidume siwabembelezi kabisa, nawalisha naondoka.

Sasa ufanyeje kama ameshaanza. Usikimbie, usirudi nyuma, na wala usimfukuze. Vaa gambuti, weka ndoo au beseni mbele ya miguu, akiruka apige hiyo, akitulia we songa mbele taratibu mpaka yeye ndo akupishe njia. Ukiweza mkamate, mbane kwapani mabawa yakiwa yamefungwa, endelea na shughuli zako huku umembeba mpaka usikie mwili umelegea ndo umshushe, na akikujia tena mbebe tena. Mimi ilinichukua kama wiki tatu, na hata hapo sikuwahi kumpa mgongo moja kwa moja. Angalia na idadi pia, jogoo mmoja anataka matetea kama 8 mpaka 10, ukiweka majogoo wawili na matetea wanne watapigana wao kwa wao na matetea watabaki migongo wazi bila manyoya. Vipi vyake, yaani ile miiba ya miguuni, kata ncha tu, ndani kuna mfupa hai na damu, ukikata sana unamuumiza vibaya.

Lakini haya yote ni kwa mtu mzima. Mtoto mdogo uso wake uko palepale jogoo anaporukia, kipi kikiingia jichoni basi tena, kwa hiyo jogoo aliyemrukia mtoto hata mara moja mimi simpi nafasi ya pili, anachinjwa, na sioni kama ni ukatili. Mtu akichomwa na kipi kidonda kinaonekana kidogo ila kinaingia ndani na kina uchafu, kioshe kwa maji mengi na sabuni halafu aende hospitali akaangaliwe na habari ya sindano ya pepopunda.

Na kitu ambacho wengi hawafikirii, ukali unarithiwa. Watu wanachinja jogoo mkorofi leo, kesho wanaweka mayai yaatamiwe. Tetea anahifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki mbili mpaka tatu, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo hayo mayai bado ni ya yuleyule. Kula mayai ya mwezi mzima kwanza, ndo uanze kuatamisha ya jogoo mpya.