Upara Wangu na Kipepeo wa Kwanza

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana daftari la vipepeo. Kila mwaka baridi ya huku Ulaya ikianza kulegea, huacha habari za mpira na kuhamia kwenye utabiri wa hali ya hewa. Anangoja kitu kimoja tu: kipepeo wa kwanza wa mwaka. Na kwa kuwa furaha ya peke yake haimtoshi, amenitia na mimi kwenye mashindano. Atakayemwona mwanzo ndiye bingwa. Aliyeshindwa anamwoshea mwenzake gari msimu mzima.

Kanuni katunga yeye, na hakimu ni yeye. Januari nilimkuta kipepeo ndani ya nyumba, kwenye pazia la chumbani, rangi ya chungwa yenye madoa meusi, anapepea bila wasiwasi. Nikampigia simu shemeji kwa kelele za ushindi.

"Wa ndani hahesabiwi, shemeji."

"Kwa nini? Huyu si kipepeo?"

"Ni kipepeo, lakini umemwamsha wewe na joto la nyumba yako. Huyo alijificha humo alale mpaka majira ya kuchipua. Sasa hivi nje hakuna ua la kumpa chakula. Mtie kwenye boksi, mpeleke bandani kwenye ubaridi, arudi kulala."

Basi pointi sikupata, nikapata kazi. Mke wangu alinikuta usiku nanyata kuelekea bandani, boksi la viatu mikononi, namwambia mtu asiyeonekana "pole, pole, tunafika." Hakuuliza kitu. Kakua na yule kaka yake, ameshazoea.

Ikaingia Machi. Jumamosi moja jua likatoka la kweli, upepo ukatulia, na kabla ya saa sita shemeji yuko mlangoni, darubini shingoni, daftari kwapani. Nikavaa kofia yangu ya sufi tukaondoka kuelekea ukingo wa msitu, na njia nzima nikawa mwanafunzi.

Vipepeo wanaotangulia kuonekana, alinieleza, wengi wao si vijana. Ni wazee wa mwaka jana, waliopita baridi yote wakiwa kwenye mashimo ya miti, mabanda na dari za nyumba. Wakiamka wanakuwa wamekufa ganzi. Misuli yao ya kurukia inataka joto la nyuzi 30 hivi ndipo ifanye kazi vizuri, nao hulipata kwa kutandaza mbawa na kuota jua.

"Kwa hiyo usiangalie angani," akasema. "Tafuta mahali wanapoota. Jiwe lililopata joto. Mahali palipo wazi, pasipo majani, panapopigwa na jua moja kwa moja. Pakiwa na unyevunyevu kidogo wenye chumvi, hapo ndio peponi kwao."

Sikujua kwamba ananisomea sifa za kichwa changu. Nywele zangu na mimi tuliachana zamani, kwa amani, na chini ya ile kofia jasho lilikuwa limeshaanza kutiririka.

Mimi niliweka matumaini kwa aina moja ya vipepeo hao, yule wa manjano. Dume lake hung'aa kiasi kwamba hata mwenye macho ya kuazima humwona. Na haikuchukua muda, nikaona manjano imeshikilia kijiti pembeni mwa njia.

"Yule pale! Nimeshinda!"

Shemeji akainua darubini. Akakaa kimya kidogo.

"Karatasi ya pipi."

"Amefunga mbawa huyo," nikashikilia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa yule wa manjano akitua hufunga mbawa zake akageuka jani.

"Imeandikwa 'ladha ya limau', shemeji."

Nilikuwa bado nabishana na limau pale kitu cheusicheusi kilipopita mbele ya pua yangu. Hicho kilikuwa na uhai, na kina haraka. Nikakifuata. Mbele kulikuwa na mteremko, na mteremko ulikuwa na tope la theluji iliyoyeyuka. Miguu ikatangulia, mimi nikafuata, kofia ikachagua njia yake mpaka mtaroni. Nikafikia makalio, mikono yote miwili imezama kwenye majani mabichi mazuri yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachipua.

Yalikuwa yale majani yanayowasha. Yakiwa machanga hivyo yanawasha vilevile, tena kwa bidii ya ujana. Na usidhani yalikuwa pale kwa bahati mbaya: kipepeo tausi hutaga mayai juu ya majani hayo hayo, na viwavi wake huyala mpaka wananenepa. Midomo yao imeumbwa kwa nini, mimi siwezi kusema.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupiga yowe, sauti ikanidaka kutoka juu:

"Usitikisike!"

Nikaganda. Mtu mzima ukiambiwa hivyo porini, akili haiendi kwa vipepeo.

"Yuko wapi?" nikanong'ona.

"Kichwani."

"Anauma?"

"Tausi! Shemeji, ni tausi! Katua katikati kabisa ya upara! Anafungua mbawa, ya Rabi, tazama hizo rangi!"

Nitazame vipi? Macho nilijaribu kuyapandisha, yakafika kwenye nyusi yakakwama. Viganja vinawaka moto. Nikaomba ruhusa ya kuvitoa kwenye majani, nikapewa, kwa sharti la kwenda mwendo wa kinyonga. Kujikuna nikakatazwa, kwa sababu nikikuna mkono kichwa kinacheza. Simu yangu ingenisaidia kama kioo, lakini nilikuwa nimeikalia. Nikamwomba ya kwake.

"Nikikupa simu, picha nitapiga na nini?"

Kule juu nikahisi vijiguu, halafu kitu chembamba kinapapasa ngozi.

"Anafyonza jasho," shemeji akatafsiri, sauti imejaa upendo ambao hajawahi kunionyesha. "Anafuata chumvi. Na ujue kipepeo huonja kwa miguu, kwa hiyo ameshakuonja, akakukubali."

Uvumilivu ukanishinda, nikainua mkono taratibu. Juu yangu kukasikika *tsss*. Jamani, kipepeo! Kumbe tausi akitishwa husugua mbawa zake zikatoa mlio huo huku akifunua yale madoa manne makubwa yanayofanana na macho, adui akimbie. Adui nikashusha mkono.

Wakati huo mama mmoja alikuwa anapita na mtoto wake. Mtoto akasimama, akanitazama, akarudi nyuma ya gauni la mama yake.

"Mama, kichwa cha yule baba kinatuangalia."

Mama akasema twende mwanangu, bila hata kugeuka.

Kisha wingu likaja likaziba jua. Nikashukuru: sasa ataondoka. Shemeji akatikisa kichwa kwa masikitiko, chake kikiwa huru kutikisika.

"Jua likiondoka anapoa, akipoa hawezi kuruka. Ameshafunga mbawa. Tulia tu, wingu lenyewe si kubwa."

Lilikuwa kubwa. Lilikuwa wingu lenye ukoo na jamaa zake nyuma. Nikakaa kwenye tope, suruali inaloa, mikono imevimba, natunza kiumbe kisichofika uzito wa gramu moja, na shemeji ananisimulia jinsi mbawa zake zikifungwa zinavyokuwa nyeusi ya kuungua, usimtofautishe na gome la mti.

Jua liliporudi, nikahisi mtikisiko mdogo, halafu wepesi. Nikageuka mzimamzima nimwone, nikateleza tena, nikaona matope. Nilipofuta uso, shemeji alikuwa anaangalia mbali juu ya vichaka, anatabasamu.

"Umemwona?"

"Nimemhisi. Nimemsikia. Nimemlisha!"

"Kanuni inasema kuona."

Nikamwambia kipepeo alikuwa kwenye mali yangu, na ardhi ina mwenyewe. Akasema rufaa inasikilizwa na hakimu, akafungua daftari. Nilichungulia. Tarehe, saa, aina: tausi. Kwenye safu ya mahali alipotua kaandika "mwamba laini, wenye joto."

Gari nililiosha mpaka likachujuka. Picha aliituma kwa ukoo mzima. Mama mkwe ameiweka kwenye simu yake na anaonyesha watu, anawaambia wamtazame kipepeo.

Mwaka huu baridi haijaisha vizuri, simu imeshalia.

"Shemeji, Jumamosi wanasema kutakuwa na jua. Nitakupitia saa nne. Kofia usibebe."