Faini ya Mpiga Ngoma

Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa na daftari la mahudhurio, kaunta buku yenye jalada gumu. Kuchelewa mazoezi shilingi 500, kutokuja 1,000, kukosa onyesho la kulipwa 5,000. Siku mpiga ngoma wetu aliporudi baada ya kupotea karibu miezi mitatu, mwenyekiti aliagiza daftari lisomwe kabla hajakaa. Likasomwa. Sote tulijua alikuwa amelazwa, na tulijua wodi gani. Angevunjika mguu tungechangishana, tungekwenda kumwona na machungwa kwenye mfuko. Kwa kuwa yalikuwa maradhi ya akili, tulimpigia hesabu.

Alisimama mlangoni, viganja kavibana kwapani. Nilidhani anasikia baridi, kumbe anavificha visitetemeke. Akasema polepole, "Naomba nipige kayamba kwa sasa. Kwenye ngoma mikono bado inanisumbua." Nyuma mtu akadakia: "Kayamba si ya kutikisa? Basi kapata chombo chake!" Kikazuka kicheko, na yeye akacheka nasi. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala hakuja tena.

Namkumbuka kila ifikapo Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Fulana mpya, bango la kaulimbiu, na kwenye ratiba, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, "burudani kutoka kwa wagonjwa". Wanaimba, wanapigiwa makofi ya kuwaonea huruma, wanapewa soda, basi linawarudisha. Eti hiyo ndiyo sanaa jumuishi. Mimi sikubali. Mtu asiye na nafasi kwenye mazoezi ya Jumanne jioni, pamoja na watu wengine wa kawaida wenye madeni na mafua yao, hajajumuishwa, hata akiimba mbele ya waziri.

Na ajabu ni kwamba watu wa pwani hawakungoja semina. Kwenye ngoma ya pepo, ile ya kumtibu anayeaminika kapandwa na pepo, mwele, yaani mgonjwa, hawekwi pembeni akatumbuizwa. Ngoma imeitwa kwa ajili yake. Watu wanajaribu wimbo huu, wanaacha, wanajaribu ule, mpaka upatikane unaomwinua, na akiinuka kucheza, wapigaji ndio wanaomfuata yeye. Akipata nafuu haagwi. Anabaki chamani, na siku nyingine ni yeye anayeitikia na kupiga makofi kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Sisemi tuache dawa twende kilingeni. Wapo waliopoteza miaka huko ilhali vidonge vingewafaa, na kumfunga mtu kamba kwa jina la tiba ni ukatili, hakuna jina lingine. Ninachokitamani ni ule utaratibu wa mgonjwa kuwa mwanachama.

Marekani kuna okestra inayokaribia hapo. Inaitwa Me2/, ilianzishwa mwaka 2011 mjini Burlington, jimbo la Vermont, na Ronald Braunstein na Caroline Whiddon. Braunstein hakuwa mtu wa kubahatisha: mwaka 1979 alishinda shindano la Karajan la waongoza okestra jijini Berlin. Baadaye baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ulimvurugia kazi. Kwenye okestra yao hakuna usaili wa kuingia. Wenye maradhi ya akili na wasio nayo wanakaa safu moja, na wewe uliyeko ukumbini utabaki kukisia. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba tukiwapokea "watu wa Mirembe", yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kiwango kitashuka, naomba kwanza waniambie wao walishinda nini Berlin.

Kuna jambo lao moja ambalo kwetu ningelipokea kwa tahadhari. Katikati ya onyesho, baadhi ya wapigaji husimama wakaeleza waliyoyapitia. Kule huenda hilo ndilo linalovunja unyanyapaa. Sisi tuna mazoea yetu ya ushuhuda: mtu akipata nafuu asimamishwe mbele, aeleze alivyookota makopo, watu walie, sadaka ijae. Anayetaka kusema aseme. Asiyetaka apige chombo chake, achukue posho yake, apande daladala.

Mengine ni mambo ya kawaida kabisa ya mazoezi. Dawa nyingi za usiku zinaleta usingizi mzito, kwa hiyo mazoezi ya saa moja mpaka saa nne usiku yanamfukuza mtu bila yeyote kumwambia ondoka. Haloperidol, mojawapo ya dawa za maradhi ya akili, inaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. Dawa nyingine zinakausha mdomo, na mwimbaji aliyekauka mdomo anahitaji chupa ya maji jukwaani, hata kama mwalimu wa kwaya anaona ni utovu wa adabu. Kila nafasi ijulikane na watu wawili, ili mmoja akizidiwa onyesho lisimtegemee. Na ndiyo, mtu anaweza kuzidiwa siku ya onyesho lenyewe. Aulizwe mapema, akiwa mzima, angependa tufanye nini na tumpigie nani simu. Jibu analo yeye kuliko sisi.

Wachekeshaji nao wana lao. Ukiwatazama utadhani mgonjwa wa akili ni nguo chakavu, jani kichwani na jiwe mkononi, basi. Sijawahi kuona anayeigiza nafasi hiyo akimtafuta hata mtu mmoja aliyewahi kuugua, amuulize inakuwaje.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ushahidi kwamba kuimba na kucheza kunasaidia upo wa kutosha, na wataalamu wauchambue. Mimi ninayo kaunta buku.

Maana kikundi chetu kilikuja kuvunjika, kwa ugomvi wa pesa za harusi moja, na vitu vikagawanywa. Ngoma zilikwenda kwa mwenyekiti. Daftari likabaki kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu, na ndiye niliyelisoma siku ile. Jina lake lipo mstari wa nne. Mbele yake kuna alama 23 za kutokuja, za wino mwekundu, zimenyooka vizuri, na pembeni nimeandika: 23,000, hajalipa.