Spika Ngumu Hazitaki Wati za Kwenye Boksi (na Priampu Inaweza Kusubiri)

Ukimuuliza mtu ampu gani (kile kifaa kinachosukuma spika) inafaa spika zako, jibu linakuja na wati. Chukua ya wati 200, chukua ya 300, basi imeisha hiyo. Simlaumu mtu, manake wengi tumekulia kwenye redio zilizobandikwa wati 3000 za PMPO kwa mbele, ukigeuza nyuma pale waya wa umeme unapoingia imeandikwa inakula wati 60, yaani inatoa kuliko inachokula, maajabu ya Mungu. Ila kwa spika ambazo ni ngumu kuendesha, yaani zinadai nguvu nyingi kutoka kwenye ampu, hiyo hesabu inakuingiza chaka mchana kweupe.

Nichukulie mfano wa Magnepan, hizi nazipenda so nitaongea kwa upendeleo kidogo. Zinatengenezwa White Bear Lake, Minnesota, huko Marekani, kampuni aliianzisha Jim Winey mwaka 1969. Hazina boksi wala koni, ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa nyaya na kuwekwa karibu na sumaku, unatikisika wote, sauti inatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Gitaa la TPOK Jazz kwenye hizi spika, au mtu anaimba taarabu na fidla zimejipanga nyuma yake, we acha tu, unasahau kama kuna mashine hapo.

Sasa shida yake ni hii. LRS, moja ya spika zao ndogo, imeandikwa desibeli 86 (ukubwa wa sauti inayotoka) kwa volti 2.83, omu 4 (ukinzani wake, ukiwa mdogo ampu inalazimika kutoa umeme mwingi). Mtu anasoma 86 anasema ah kawaida hiyo. Kumbuka volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1 ila kwenye omu 4 ni wati 2, kwa hiyo ukiihesabu kwa wati moja inabaki 83 tu, na kila desibeli 3 unazopungukiwa maana yake ni kuzidisha nguvu mara mbili. Spika ya honi yenye desibeli 93 kwa wati moja inafanya kwa wati 10 kile ambacho hii itakudai 100. Afu mziki wenyewe haukai sehemu moja, ukisikiliza kwa wastani wa desibeli 80 ile ngoma ikigongwa inaruka 15 hata zaidi kwa sekunde kidogo sana, na hapo ndo ampu inapoumbuka, mawimbi yanakatwa vichwa unasikia sauti inakwaruza unaanza kulaumu spika.

Na Magnepan bado ni mstaarabu, omu zake hazichezi sana. Kuna spika imeandikwa omu 8 nyuma halafu kwenye besi inashuka mpaka 3. Miaka ya 1980 kulikuwa na Apogee Scintilla, hiyo ilikuwa omu 1, ampu nyingi zilikuwa zinakata moto hapo hapo, na ndo moja ya vitu vilivyoipa jina Krell, kampuni ya ampu, manake zake zilikuwa zinaistahimili. Krell KSA-50 kwenye karatasi ni wati 50 tu kwa omu 8, ukimwambia mtu anacheka, lakini ukiipa omu 4 inatoa 100. Hicho ndo kitu mi nakitafuta kwanza kwenye ampu yoyote, omu zikipungua nusu wati ziongezeke karibu mara mbili. Ikiandikwa 100 kwa omu 8 na 120 kwa omu 4 ujue transfoma na kapasita za ndani, zile zinazoipa umeme, zimebaniwa, hiyo ni bajaji yenye abiria watano inapanda Kitonga.

Risiva za sinema, zile ampu za kuendesha spika nyingi kwa pamoja, nazo ni hivo hivo. Nyingi wati 100 zake zimepimwa channeli mbili tu zikifanya kazi, na ile swichi ya nyuma ya kuchagua omu 4 mara nyingi inapunguza volti ili mashine isichemke, haiongezi uwezo wowote. Iache kama ilivyo.

Kwa mtu wa Dar mi nasema nunua ampu ya klasi D, ile inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana badala ya kuuacha upite muda wote kama klasi A, na hapa najua wazee wa klasi A watanirushia mawe. Klasi A ni tamu, sibishi, ila inakula umeme na kutoa joto hata ukiwa hujaweka mziki, sasa mwezi wa pili, joto lile, uniti za LUKU zinavyoenda, hapana kwa kweli. Moduli za ampu za klasi D za Hypex ya Uholanzi kama NC502MP zinatoa mpaka wati 500 kwa omu 4, boksi dogo na halichemki. Miaka ya nyuma klasi D ilikuwa na ukavu fulani hivi kwa juu, za siku hizi siusikii.

Priampu je, kile kifaa cha voliumu kinachokaa kati ya chanzo cha mziki na ampu? Hapa watu wanaliwa hela. DAC ya kawaida, kile kifaa kinachogeuza mziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme, inatoa volti 2, na ampu nyingi zinafika mwisho wa nguvu zake kwa volti 1 mpaka 2, kwa hiyo huhitaji kuongezewa kitu, unahitaji kupunguza. Kama DAC yako ina voliumu nzuri chomeka moja kwa moja kwenye ampu uone. Priampu inapata maana ukiwa na santuri, au vyanzo vingi, au waya mrefu. Ukiitafuta angalia kitu kimoja, impidansi (ukinzani unaopimwa kwa omu) ya kuingilia ya ampu iwe angalau mara kumi ya ile ya kutokea kwenye priampu. Priampu za valvu (zile taa za kioo za zamani) zingine zinatokea na kilo-omu 3, na ampu zingine za klasi D zinapokea kwa kilo-omu 10 tu, ukizioanisha hizo besi inapungua halafu unaambiwa eti valvu ndo zilivyo, laini. Sio laini, hazijaendana. Hata ile ya kujitengenezea ya potenshomita (kitasa cha voliumu) tupu inafanya kazi, ila ukiweka ya kilo-omu 100 na waya wa mita tano sauti za juu zinaanza kupotea.

Na kama ampu unaagiza mtumba, soma volti kabla ya kusikiliza sifa. Za Japani ni 100, za Marekani 120, huku kwetu 230. Ukiichomeka tu fyuzi ikiondoka peke yake shukuru. Stepudauni (transfoma ya kushusha volti) ya kuiendesha iwe kubwa, VA 1000 kwa ampu inayovuta wati 500, manake ukiweka kile kitransfoma kidogo cha blenda umerudi kule kule kwenye kubana umeme, na spika ya omu 4 itakuonyesha.