Vifaranga vya trauti au ukingo wa mto?

Klabu ya wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, kwenye vijito vya msitu wa Mau nchini Kenya haikosi ubishi huu: michango inunue vifaranga, au inunue nguzo, seng'enge na miche ya kulinda ukingo wa mto? Wanaonunua vifaranga husifiwa. Wanaoshinda mtoni Jumamosi nzima wakichokora changarawe huulizwa wanatafuta nini.

Wapenda vifaranga wana hoja. Trauti ni mgeni, aliletwa Kenya mwaka 1905, na kijito kilichomwishia hakimrudishi chenyewe. Mwanachama aliyelipa ada naye anataka samaki kwenye ndoano. Lakini kutoka kituo cha kuzalisha vifaranga cha Kiganjo, karibu na Nyeri, hadi mto Kiptiget au Itare huko Mau ni safari ndefu. Vifaranga visilishwe siku moja kabla, visije vikachafua maji. Mfuko wa kuvisafirishia uwe na maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili. Mtoni uelee ukiwa umefungwa kwa dakika kama 20, kisha utiwe maji ya mto kidogo kidogo. Ukimwaga kwa pupa, joto la maji hubadilika ghafla na vifaranga hulala ubavu.

Tuseme yote yamekwenda sawa. Watazaa wapi? Jike huchimba changarawe, hutaga, hufukia. Maji yakiwa na nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huchukua takriban mwezi kuanguliwa, na vitoto hubaki chini ya mawe majuma mengine vikiishi kwa kiini cha yai. Muda wote huo uhai wao ni yale maji yanayopenya kati ya mawe. Shamba limelimwa hadi ukingoni, mvua ya usiku mmoja ikashusha udongo laini, nafasi zikaziba. Ng'ombe wanaoshuka kunywa kila jioni hufanya vivyo hivyo hata kiangazi. Mayai hufa pale chini na hakuna anayeona. Msimu ujao klabu inanunua vifaranga tena na kulaumu wezi wa samaki. Wezi wapo, ila mwizi hali mayai yaliyofukiwa.

Ndiyo maana ya kuchokora changarawe. Mmoja hushika wavu chini ya mkondo, mwenzake mwenye gambuti hugeuza mawe kwa mguu kwa dakika 5, kisha wavu humwagwa kwenye beseni jeupe. Katika miniSASS, utaratibu wa kupima usafi wa mto kwa wadudu wake uliotoka Afrika Kusini, kila kundi la wadudu lina alama zake: yule bapa mwenye mikia miwili, asiyevumilia uchafu, ana 17, minyoo na ruba wana 2 tu. Jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana; wastani ukiwa mkubwa, mto ni safi. Beseni likiwa na ruba na minyoo mitupu, kuachilia vifaranga hapo ni kutupa pesa.

Tiba yake ni kazi ya jembe. Ng'ombe wapatiwe hori lenye bomba mbali na mto, au njia moja iliyotandazwa mawe. Nyasi zipandwe mvua za masika zinapoanza, si katikati yake, maana mafuriko hung'oa miche isiyoshika mizizi. Mikaratusi ya ukingoni, inayonyonya maji mengi, ikatwe kwa awamu. Ikiondolewa yote kwa mkupuo, jua hupasha maji, na trauti huanza kutaabika yanapopita nyuzi 20. Visiki vitachipua, kwa hiyo machipukizi yakatwe kila baada ya miezi michache.

Wanaosema trauti hula samaki wadogo wa asili wasema kweli, na kijito ambacho hakijawahi kuwa naye kiachwe hivyo. Ukingo haubagui samaki: vijito hivi humwaga maji kwenye mto Sondu, ambako ningu, samaki wa asili, hupanda kutoka Ziwa Victoria kuzaa wakati wa mvua.

Pingamizi zito kwangu ni la mkulima. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa ukingo kuwa mita 6 hadi 30. Mwenye robo ekari inayopakana na mto kwa mita 50, hata kwa kile kiwango cha chini kabisa, anaacha mita za mraba 300, karibu theluthi ya shamba lake. Asipopata kitu, seng'enge itakatwa kiangazi cha kwanza. Klabu impe vipando vya nyasi ya nepia, akate majani ya ng'ombe wake bila kung'oa mashina, nayo ilipe bomba la hori. Pesa za shehena moja ya vifaranga zianzie hapo.