Mwalimu wa mwalimu wako ni nani?

Jumapili iliyopita mzee mmoja hapa Foshan, kusini mwa China, aliniuliza swali moja, na mpaka leo sijatulia.

Nilikuwa nimetoka kukagua marumaru za mteja wa Mwanza, kontena linafungwa kesho yake, mgongo unauma kwa kuinama juu ya maboksi. Nikapita bustanini jirani na ninapokaa ninyooshe viungo. Nikasimama vidole vya miguu vimeelekea ndani, nikaanza Siu Nim Tau, fomu ya kwanza ya Wing Chun, mtindo wa ngumi za Kichina, kama nilivyofundishwa Tanga zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mzee alikuwa anapita na mfuko wake wa mboga. Akasimama. Akanitazama mpaka nikamaliza, hakunikatisha hata mara moja. Halafu akauliza: "Sigung wako ni nani?"

Kwa ambao hamjakaa huku: mwalimu wa ngumi Kikantoni anaitwa sifu, na katika maandishi yao neno hilo lina baba ndani yake. Mwanafunzi aliyekutangulia ni sihing, kaka yako. Mwalimu wa mwalimu wako ni sigung, yaani babu. Kwa hiyo mzee alikuwa ananiuliza babu yangu ni nani.

Nikamwambia nilifundishwa na baharia wa kwetu, na yeye alifundishwa na Mchina mmoja melini. Mchina gani? Sijui. Meli gani? Sijui. Mzee akasema "aa", akatikisa kichwa taratibu, akachukua mboga zake akaenda. Hakunitukana wala hakucheka. Lakini ile "aa" imekaa kifuani mwangu wiki nzima, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza na mimi nilipaswa kuwa na jibu.

Hapa hilo ni swali la kawaida kama sisi tunavyoulizana "wewe wa wapi?" Ukiingia Zumiao, hekalu kuu la zamani la mji huu, ndani ya ukuta mmoja utakuta ukumbi wa kumbukumbu ya Wong Fei-hung, bingwa wa ngumi wa zamani, na mwingine wa Ip Man, mwalimu maarufu wa Wing Chun. Hata kwenye chumba cha mazoezi kilichobanwa juu ya duka la simu, ukutani zipo picha za waliotangulia, mkubwa juu, wanafunzi wake chini, na karatasi nyekundu zenye majina. Kijana anayeniletea chakula ofisini anafanya mazoezi jioni, na bila kufikiri atakutajia: Ip Man alifundishwa na Chan Wah-shun, mbadilisha fedha, Chan Wah-shun na Leung Jan, mganga wa mitishamba wa hapa Foshan, Leung Jan na watu wa mashua nyekundu. Anataja kama mtoto wa chuoni anavyosoma Juzuu Amma. Anayekubaliwa kuwa mwanafunzi wa ndani hupiga magoti, humpa mwalimu chai kwa mikono miwili, na jina lake huandikwa. Kuanzia siku hiyo akikosea barabarani, aliyekosea ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani.

Na kwetu je? Mnajua kwetu. Nimepita kwenye klabu ngapi za ngumi Tanga, Dar na Mombasa? Bango lina joka, na chini yake neno Shaolin, lile hekalu la watawa la China linalosifika kwa ngumi. Ukutani cheti chenye muhuri mwekundu ambao hakuna hata mmoja anayeweza kuusoma. Nilipohamia Dar nilifundishwa kwa miezi minane na mtu aliyetuambia amekaa Shaolin miaka mitatu. Nilikuja kujua baadaye kwamba miaka hiyo mitatu alikuwa anauza viatu sokoni. Ngumi zake hazikuwa mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu kuna mtu hapo hapo mjini alimfundisha, kwa jasho, labda bure, na huyo mtu amefutwa ili nafasi yake ichukuliwe na hekalu la mbali. Wengine wanajitangaza kuwa na mkanda mweusi wa kung fu ya kale, wakati mikanda ilitoka kwenye judo ya Kano Jigoro, Ujapani, na walimu wa kale wa Kichina hawakuijua. Tunachukua cheti kwanza, mwalimu baadaye. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma wa 2017 sote tunaukumbuka, sihitaji kuendelea.

Najua yatakayosemwa, maana nimeshayasikia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. "Umekula wali wa mvuke miaka tisa, sasa unajiona Mchina." Ndugu zangu, sijioni Mchina na Wachina wenyewe hawanioni hivyo. Aprili 2020, wakati wa korona, nilikuwa Guangzhou. Nilishuhudia Waafrika wakitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, wakilala nje na mabegi yao, na baadhi yao nilikuwa nanunua nao mzigo kwenye maghala yale yale. Yale sitayasahau, na sitamruhusu mtu yeyote anifundishe kuwa hapa ni peponi. Ninachosema ni kwamba katika jambo hili moja, la kumtaja aliyekufundisha, wametuzidi. Kusema hivyo si kuwadharau waliobaki nyumbani. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshindwa kujibu bustanini.

Mwingine atasema, na huyu ana hoja nzito: "Hizo nasaba zao ni uongo mtupu." Kwa sehemu kubwa ni kweli, na nimesoma vya kutosha kukubali. Hadithi ya Wing Chun inaanza na Ng Mui, mtawa wa kike aliyenusurika hekalu la Shaolin la Kusini lilipochomwa, akamfundisha msichana aitwaye Yim Wing-chun. Hakuna ushahidi wa kihistoria kwamba Ng Mui aliishi. Wanahistoria wanaifuata hadithi hiyo mpaka kwenye masimulizi ya vyama vya siri na riwaya za mwishoni mwa karne ya 19. Hilo hekalu lenyewe la Kusini linadaiwa na miji mitatu ya mkoa wa Fujian: Quanzhou, Putian na Fuqing. Kila mmoja una mahali pake unapoonyesha, na kila mmoja unasema hapa ndipo.

Halafu angalia yaliyotokea kwa Ip Man mwenyewe. Alizaliwa hapa 1893, akaondoka 1949 kwenda Hong Kong bila mali, akaanza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa migahawa, akafariki 1972. Alipofumba macho, wanafunzi wake wakaanza kugombania nani alipewa kitu chenyewe. Mmoja wao, William Cheung, alidai kwamba Ip Man alikuwa na Wing Chun ya aina mbili, moja ya kila mtu, na nyingine ya asili aliyoipokea kwa Leung Bik, mtoto wa Leung Jan, na kwamba hiyo ya asili alimpa yeye. Wenzake wakakataa. Wapo wanaotilia shaka kama Ip Man alikutana na huyo Leung Bik kabisa. Ubishi ukasafiri mpaka Ujerumani. Mwaka 1986, mjini Köln, Emin Boztepe wa kambi nyingine alimkabili Cheung katikati ya semina, wakaanguka sakafuni wakipigana, na picha za video zipo. Watu wazima, walimu, wanagaragazana juu ya swali la nani mrithi halali. Sisi tuliokulia kwenye misiba ya pwani tunazijua vizuri sana sura za watu wanaogombea urithi.

Kwa hiyo sitetei uongo. Lakini fuatilieni ninachotaka kusema, kwa sababu hapa ndipo ninapobishana na rafiki zangu mpaka usiku. Mwaka 1930 mwanasheria mmoja aitwaye Tang Hao, naye mtu wa ngumi, alichapisha utafiti akionyesha kwamba Bodhidharma, mtawa wa Kibuddha, hakuanzisha ngumi za Shaolin, wala Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao wa kwenye hadithi, hakuanzisha Taiji, ngumi za Kichina za mwendo wa taratibu. Aligusa majina mawili yanayoheshimiwa kuliko yote, na walimu wengi walikasirika. Alikwenda hadi Chenjiagou, kijiji cha ukoo wa Chen mkoani Henan, akafukua kumbukumbu za ukoo ule, akahitimisha kwamba Taiji ilianza kwa Chen Wangting wa karne ya 17. Wapo wanaompinga mpaka leo, nao kwa hoja na makaratasi.

Aliwezaje? Aliweza kwa sababu kulikuwa na cha kushika. Mtu akiandika "nilifundishwa na fulani, naye na fulani, mwaka fulani", ametoa dai, na dai linaweza kupimwa. Unaweza kwenda kijijini. Unaweza kusema huyu alikufa kabla yule hajazaliwa. Uongo ulioandikwa unakamatika. Sasa nenda kakamate kauli ya "nimetokea Shaolin" isiyo na jina la mtu, mwaka wala mahali. Utashika nini? Kwetu hata mwongo hatumpi nafasi ya kukamatwa, na mkweli naye anakosa pa kusimama, kwa hiyo wote wawili wanafanana. Baharia wangu na yule muuza viatu, mbele ya mzee wa bustanini, ni kitu kimoja. Hilo linanikera kuliko ninavyoweza kuandika.

"Nasaba haipigani." Nalo nimelisikia. Ni kweli. Mwaka 2017 Xu Xiaodong, mpiganaji wa ngumi za mseto, alimmaliza Wei Lei wa Taiji mjini Chengdu kabla hata nusu dakika haijaisha. Mwaka 2020 Ma Baoguo, mzee aliyejivunia shule yake mwenyewe ya Taiji, aliangushwa mara tatu, na nchi nzima ikatazama. Anayetaka kujua kama ngumi zake zinafaa, avae glovu aingie ulingoni, picha za ukutani hazitamsaidia. Mimi naulizia kitu kingine. Naulizia deni. Nilichonacho mwilini sikukizua, kuna watu walionipa, na sijui kuwataja.

Na kinachonishangaza ni kwamba sisi wa pwani hatukuja mjini na hili jana. Nani Tanga hajui ijaza, ruhusa anayopewa mwanafunzi na mwalimu wake? Babu yangu mdogo alikuwa na ijaza ya kusomesha, na alikuwa anaweza kukutajia alipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka Lamu, mpaka Hadhramaut. Watu wa tarika wana silsila zao, minyororo ya majina ya waliopokezana, na wanazisoma kwenye hadhara. Ubishi upo pia, tena mkali. Nasaba za masharifu zimeshavunja urafiki wa watu wengi. Lakini kanuni tunayo: elimu isiyo na mnyororo wa waliopokezana inatiliwa shaka. Tukitoka msikitini, kanuni tunaiacha na viatu. Fundi wa majahazi, mpiga udi, mchonga milango, mwalimu wa ngumi, hao tunawazika na majina ya waliowafundisha. Wanaonitupia "mwacha asili ni mtumwa" wakumbuke kwamba asili ndiyo hiyo ninayoiuliza.

Jana usiku nilirudia tena ile silsila ya Wing Chun, nikakaa sana pale juu ya Leung Jan. Wale watu wa mashua nyekundu walikuwa wasanii wa michezo ya kuimba ya Kikantoni, waliosafiri mitoni kutoka mji hadi mji. Masimulizi yanamtaja mwigizaji Wong Wah-bo, na Leung Yee-tai ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma upondo. Humo chomboni, kati ya safari na safari, mmoja alimpa mwenzake. Nasaba inayoheshimiwa kuliko zote hapa Foshan ilipita majini, kwenye mikono ya msukuma upondo. Nikamfikiria Baharia wetu, na yule Mchina wake, wakifanya mazoezi nyuma ya deki baada ya zamu, kisha Baharia akashuka Tanga, akatupanga mstari kwenye mchanga wa Raskazoni saa kumi na moja alfajiri bila kututoza hata senti. Nililia, nakiri.

Asubuhi nikaanza kupiga simu. Wenzangu watatu tuliofundishwa pamoja, majibu matatu: mmoja anasema Mchina yule alikuwa mpishi wa meli, mwingine anasema fundi wa injini, wa tatu anasema hakuwa Mchina wa bara, alitoka Hong Kong. Mjane wa Baharia yuko hai, Ngamiani, na anasema sanduku la marehemu halijafunguliwa tangu arobaini. Ndani yake kuna kitabu chake cha ubaharia, kile ambacho kila meli aliyopanda iliandikwa na kugongwa muhuri, tarehe ya kupanda na ya kushuka. Mpwa wangu anakwenda Jumamosi na simu yenye kamera nzuri. Kama wewe unayesoma ulisimama kwenye ule mstari wa Raskazoni miaka ya 90, au baba yako alifanya kazi na Baharia melini, niandikie kabla ya Jumamosi, hata kama unakumbuka nusu ya jina.